Uso Uliotakiwa Kufika Moba

Simba wa bustani yetu ya wanyama alikwisha kufa zamani, lakini kwenye tovuti alikuwa bado anakimbia. Ukiifungua tu, anatokea upande wa kushoto, mdogo kama paka, miguu inakwenda mbiombio, anapita juu ya maandishi mekundu yanayowaka na kuzima, anapotelea kulia, kisha anaanza upya. Na muziki! Ulikuwa unalia wenyewe bila kuombwa, na hapakuwa na mahali pa kuuzima. Kijana mmoja wa Ulaya aliyekuja kujitolea ndiye aliyetengeneza mambo hayo, akapanda ndege akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Tovuti ilisema bustani ina mgahawa. Haikuwa na mgahawa. Ilisema twiga anakuja karibuni. Jamani, hata kama alikuwa anakuja kwa miguu, si angekuwa amekwisha fika?

Mimi nina biro yangu, ofisi ndogo hapa Kalemie, kwenye barabara inayoteremka bandarini: kompyuta, mashine ya kuchapa, feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Watu wanakuja kwangu kwa mialiko ya harusi na vibao vya maduka, lakini zaidi wanakuja kwa misiba. Kwetu mtu akifa, hata kabla turubai halijafungwa, anatumwa mtu wa ukoo kwangu na picha ndani ya simu. Natafuta ile ambayo marehemu amevaa suti au kitenge kizuri, naondoa watu waliosimama pembeni, naigeuza nyeusi na nyeupe, naweka neno la shukrani kwa herufi kubwa, na kabla ya chakula cha mchana uso wake uko kwenye bango la matanga, kwenye fulana za wajukuu na kwenye simu ya kila mtu mjini. Kazi hiyo naijua. Sijisifu, ulizeni. Mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele ya biro yangu huwa ananiambia, "Weye, siku utatoa simu yako unipige foto, nitakimbia na beseni yangu."

Siku aliyoingia direkta wa bustani, nilidhani naye amefiwa, maana alikuwa anahema na uso umemshuka. Kumbe alikuwa amegombezwa. Familia moja ilikuja kwa treni kutoka Kabalo, baba, mama na watoto waliovaa nguo za sikukuu, wakapanda kilima kwenye jua, na yule baba akasimama mbele ya kizimba kitupu akaanza kupiga kelele: "Simba iko wapi? Mimi nimeiona kwa telefone yangu, ilikuwa inakimbia!" Watoto wakalia. Direkta akajificha ndani ya biro yake mpaka walipoondoka.

"Mama, utuondolee hii aibu," akaniambia.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye akakasirika, kisha naye akaanza kucheka, na hapo tukakubaliana nitengeneze tovuti mpya tangu mwanzo, picha mpya, maneno mapya, na kila mnyama atakayeonekana awe anapumua.

Nilipanda kule kesho yake asubuhi. Nilikuwa sijafika bustanini tangu usichana wangu, na nilishangaa nilivyopapenda. Ni pahali pa juu, ziwa lote liko mbele yako, upepo unapita kati ya vizimba na kuondoa harufu. Kuna mamba mmoja mvivu ambaye watu humdhania sanamu, kuna kobe, tumbili, chatu, korongo wenye taji wanaotembea kama mabibi harusi. Na kuna sokwe mzee wa kike ambaye mji mzima unamwita Bibi. Bibi ana mvi mgongoni, na ana dharau. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akageukia upande mwingine.

"Bibi, tuko na mugeni," akasema mtu nyuma yangu. "Usifanye vile."

Huyo ndiye alikuwa mlezi wa wanyama. Mzee mrefu, mwembamba, kofia ya majani, buti zilizotobolewa vidoleni ili miguu ipumue. Alikuwa amebeba beseni la papai. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, kisha akarudi kukata papai kama vile nimekwisha kuondoka. Alikuwa amemlea Bibi tangu alipokuwa kitoto cha kubebwa kifuani. Mke wake alikufa, watoto wake wakaolewa mbali, na alikuwa anaishi kwenye chumba kilichopakana na ukuta wa bustani, mahali anapoweza kumsikia Bibi akikohoa.

Jambo la kwanza aliloniambia kwa hiari yake lilihusu mbao. Alinionyesha kibanda anacholala Bibi: sakafu ilikuwa imeoza, na pembe moja ilikuwa imebonyea kabisa. "Nimeomba mbao kwa Direkta. Anasema tutaona. Bibi iko na mifupa ya uzee sawa mimi, haiwezi kulala kwa baridi." Nikamwambia labda tovuti mpya italeta watu, na watu wataleta mbao. Akanitazama kama nilivyotazamwa na Bibi.

Nilipotoa simu nimpige picha, akaweka kofia usoni.

"Piga wanyama, Mama. Mimi si munyama."

"Papa, watu wanapenda kuona muntu anayelisha wanyama!"

"Wakuje waone."

Aka! Mimi mtu mbishi ananitoa jasho. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimjibu vibaya, nikakumbuka umri wake, nikaenda kumpiga picha kobe. Kobe hana maneno.

Nilikuwa karibu kuondoka aliponifuata mpaka getini, kisu cha papai bado mkononi.

"Hii kitu yako, Mama. Inafika mpaka Moba?"

"Inafika kila fasi kuko rezo ya simu, Papa. Moba, Lubumbashi, Ulaya."

"Ulaya hapana. Moba."

Basi akanieleza, tumesimama pale pale. Alikuwa na mdogo wake kule Moba, seremala, baba mmoja mama mmoja. Wakati wa vita, wafanyakazi wengine wote wa bustani walikimbia, yeye akabaki peke yake na wanyama, anaomba maganda ya mihogo nyumba kwa nyumba ili wasife. Na wakati huo huo mama yao akafariki Moba. Alipata habari. Boti ilikuwepo. Lakini kama angepanda, nani angemlisha Bibi, ambaye wakati huo alikuwa bado mdogo na anakataa chakula cha mkono mwingine? Hakwenda. Alimwagiza mtu aliyekuwa anasafiri apeleke pole na sababu. Jibu lilirudi na mtu yule yule. Mdogo wake alisema: mwambieni siku yake ikifika, azikwe na masokwe yake.

"Tangu pale, kimya," akasema mzee. "Mimi nataka anione tu. Aone kazi niliyobaki nayo. Kama ataona na atanyamaza, basi."

Mimi nililia. Sioni haya kusema, mimi machozi yangu yako karibu. Nikamwambia, "Papa, vaa suti yako Jumamosi, nitakupiga picha ambayo Moba nzima itaiona." Eh, mdomo wangu mimi!

Kazi yenyewe ilinipa raha kuliko nilivyotarajia. Nilizoea kutazama nyuso za watu walioondoka, na ghafla siku nzima nakata na kupanga picha za viumbe wanaokula. Nilimfuta simba. Nilimfuta twiga. Muziki niliuzima nikasikia masikio yangu yanashukuru. Direkta alikuwa anakuja bironi kila mara, anavuta kiti, anatoa amri.

"Simba uiache kidogo, Mama. Ni ukumbusho."

"Papa Direkta, unataka baba wa Kabalo arudi?"

"Basi muziki."

"Muziki ndiyo hapana kabisa!"

Tuligombana vizuri, kwa ile namna ya watu wanaopendana. Aliniletea samaki, mikebuka wa kukaanga, tukala juu ya magazeti huku tunabishana rangi ya kichwa cha tovuti. Yeye alitaka dhahabu. Nilimpa kijani ya ziwa wakati wa asubuhi, akanung'unika, kisha nikamkuta anamwonyesha mama wa ndagala na kusema rangi ile aliichagua yeye.

Kwa Bibi nilipata tabu. Nilikaribia wavu mno, mkono ukatoka, miwani yangu ikaondoka. Akaivaa, si uongo, akaivaa kichwa chini miguu juu, akakaa na kuitazama mikono yake mwenyewe. Mimi bila miwani sioni kitu, nikabaki pale nalaani. Mzee alikuja polepole na kipande cha papai. "Bibi hatoi kitu bure," akaniambia, na wakabadilishana kama watu wa sokoni, huyu anatoa papai, huyu anatoa miwani, kila mmoja anamchunga mwenzake asimtapeli. Picha ya Bibi na miwani yangu, aliyoipiga Direkta, ndiyo niliyoiweka mwanzo wa tovuti.

Jumamosi mzee alikuja na suti. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, ya harusi yake nadhani, mabega yamekuwa makubwa kuliko yeye. Alikuwa amenyoa. Alisimama mbele ya ukuta wa bustani, amenyooka kama askari, akaondoa kofia, akatazama simu yangu kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu kupitia simu. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama Moba.

Nikarudi bironi. Jua lilikuwa limeharibu rangi, ukuta ulionekana na ukungu, suti ilikuwa kama matope. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe. Ikapendeza hapo hapo! Mikunjo ya uso ikatoka, macho yakatoka. Nikaondoa matawi pembeni. Nikaipanua ijaze kioo kizima, na juu yake nikaweka kwa herufi kubwa: ASANTE PAPA. Chini, mbali kidogo ili picha ipumue, nikaandika maisha yake: jinsi alivyobaki wakati wa vita, jinsi alivyoomba maganda, jinsi ambavyo hakuweza hata kwenda kumzika mama yake kwa sababu hakuwepo wa kuwalisha wanyama, na kwamba mpaka leo yuko pale kila siku, njooni mumwone. Nilijipongeza. Direkta alijipongeza. Mzee alipoiona alishika kofia kifuani, akasema, "Njo mimi kabisa," yaani ndiye yeye hasa. Tukaiachia tovuti ikaenda.

Asubuhi iliyofuata nilipopita sokoni kununua lengalenga, mama wa mboga akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mama."

"Pole ya nini?"

"Si ya yule Papa wa Bibi? Tumemuona. Alikuwa muntu muzuri."

Ee Mungu wangu. Sikuelewa kwanza, nilidhani kweli mzee amekufa usiku. Nilitupa mboga nikapanda kilima mbio, mimi na mwili wangu huu, na nikamkuta anamwosha kobe kwa brashi, anaimba.

Ndipo nilipotoa simu yangu nikaifungua tovuti pale juu, mahali ambapo rezo ni ya kubahatisha, nikaona walichoona watu wote. Bironi kwangu ukurasa ulikuwa unafunguka mara moja wote. Nje, picha inatangulia, na maneno yanabaki njiani. Kilichokuwa kwenye simu yangu ni uso wa mzee mwenye suti, mweusi na mweupe, na ASANTE PAPA. Basi. Na mji mzima unaijua kazi ya mkono wangu. Kwa namna ile ile nilikuwa nimewaaga baba zao, mama zao, padri wao. Nilikuwa nimemfanyia mtu hai bango la matanga, tena zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Nilimwambia pale pale, maana mimi siwezi kukaa na jambo. Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya kobe. Watu wa mjini walikuwa wameanza kufika getini, wengine na sura za msiba, wakimuona wanapiga vigelegele, na yeye anawapungia brashi.

Halafu kicheko kikakatika.

"Na Moba?"

Nilikuwa nimekwisha kuona kwenye jumbe za pole zilizojaa simu yangu. Mtu mmoja wa ukoo wao anayekaa hapa Kalemie alikuwa ameipiga picha ile kwenye simu yake na kuituma kwenye kundi la ukoo mzima. Ilikuwa imefika Moba tangu jana jioni.

"Papa, nakwenda sasa hivi niwaandikie ni makosa."

Alifikiri. Alipangusa mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Acha kwanza," akasema. "Tutajua kama atakuja."

Hapo nilikasirika. Nilisahau umri wake. Nikamwambia, "Papa, kumuacha muntu alie bure ni dhambi! Unataka kumpima ndugu yako kwa machozi?" Akasema, "Mimi sikwenda kwa mama. Nataka kujua kama yeye atakuja kwangu." Nikamwambia hata hivyo haifai. Akaniambia nifanye ninavyoona, na akarudi kwa kobe wake, na mgongo wake ulinishinda kutazama.

Niliandika. Nilirudisha picha kwenye rangi zake, matope na ukungu vyote, nikaweka juu yake YUKO MZIMA, na nikamtafuta yule mtu wa ukoo anipe nambari ya seremala. Nikatuma sauti yangu mwenyewe nikieleza kila kitu na kuomba msamaha. Kitiki kimoja tu cha kijivu. Nikangoja. Kimoja. Nikapiga, simu haipatikani. Jioni ile mzee alishuka mpaka bironi, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasimama mlangoni.

"Moba wamesema?"

"Bado, Papa."

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. "Moba wamesema?" Bado. Wengine wa ukoo, wa hapa na wa Lubumbashi, walikuwa wamejibu kwa vicheko na matusi ya kirafiki, wamefurahi mtu wao yuko hai. Seremala kimya. Direkta alisema labda ameona na amenyamaza, na nilimwambia Direkta afunge mdomo wake, maana mzee alikuwa anasikia.

Boti ya Moba iliingia mchana. Mimi nilikuwa bironi na mteja wa harusi, na nikasikia kilio kinapanda kutoka bandarini. Kilio cha kwetu unakijua: kuna mama mmoja anaanzisha, wengine wanamdaka. Nilitoka nje. Walikuwa wanawake wamefunga vitenge viunoni, na mbele yao mwanamume mrefu, mwembamba, kofia mkononi, na nyuma ya wanawake vijana wa bandarini wamebeba jeneza begani.

Yesu wangu. Nilimtambua kabla hajageuka. Ni kama mzee wetu yule yule, mabega yale yale: seremala.

Nilimkimbilia, nikashika mkono wake, nikasema, "Papa, ndugu yako yuko muzima, Papa, ni makosa, ni mimi," lakini kilio kilikuwa kikubwa na yeye alikuwa kama hasikii, alinipigapiga mkono kama unavyomtuliza mfiwa mwenzako, akaendelea kutembea. Sikuwa na la kufanya. Nikafuatana nao. Tulipanda kilima chote hivyo, wao wanalia na mimi napiga kelele "yuko muzima," na watu wanaotuona njiani hawajui wacheke au wavue kofia.

Mzee alikuwa getini. Alikuwa amesikia. Beseni la papai lilikuwa mikononi mwake, na hakuliweka chini.

Kilio kilikatika mmoja mmoja, wa nyuma wakiwa wa mwisho. Vijana wakashusha jeneza taratibu kwenye majani. Ndugu wawili wakatazamana, na nilidhani watakumbatiana, lakini seremala aliruka kwa hasira.

"Nimelia njia yote! Boti nzima imenisikia! Weye uko hapa unakata papai?"

"Walikosea foto," akasema mzee. "Mama huyu alitaka kuwaambia. Mimi njo nilisema asubiri."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama utakuja."

Seremala alipumua kwa nguvu. "Na kama singekuja?"

"Ningejua."

"Basi umejua!"

Alisema hivyo kwa sauti ya kugomba, kisha akakaa juu ya jeneza kama mtu aliyekatwa miguu. Nikampa simu yangu. Nilikuwa nimeshikilia ukurasa uliofunguka wote, maneno na yote, nikamwambia asome kilichobaki njiani. Alisoma polepole, midomo inatembea. Alipofika kwenye maganda ya mihogo alirudia. Alipofika kwa mama yao alinirudishia simu, akatazama kizimba, ambako Bibi alikuwa amejipanga kwenye wavu kutazama kelele zetu.

"Njo huyu?"

"Njo huyu."

"Amezeeka."

"Sisi wote."

Mzee aliweka beseni chini hatimaye. Alizunguka jeneza, akapitisha kiganja juu ya kifuniko. Ilikuwa kazi nzuri, mbao nyekundu, pembe zimeshikana bila msumari kuonekana. Seremala alisema siku aliyoiona picha hakuuliza mtu, angeuliza nani? Aliingia karakanani usiku ule ule, simu yake ikafa chaji huko huko, akafanya kazi bila kula, akapanda boti ya kwanza. Alisema alipanga kwamba kama wamekwisha kumzika kaka yake ndani ya mbao za ovyo, angeomba ruhusa amtoe ambadilishie.

"Na kipimo ulikipata wapi?" akauliza mzee. "Hujaniona tangu vita."

"Nililala mimi chini," akasema seremala. "Si tulikuwa kimo kimoja?"

Mzee ndipo alipolia. Wanawake wa Moba wakaanza tena, na safari hii hakuna aliyejua wanamlilia nani, hata Direkta, aliyekuwa amekuja na tai yake kupokea msiba, alilia bila sababu. Mimi sitaji nafsi yangu. Tulipika palepale nyuma ya biro ya Direkta, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo na samaki, na wale ndugu wawili wakakaa kwenye sahani moja, kila mmoja anamsukumia mwenzake kipande cha tumbo la samaki.

Jeneza lilibaki kwenye majani, na hakuna aliyependa kulitazama. Kulirudisha Moba ni mkosi, kuliweka chumbani kwa mzee ni mkosi zaidi. Seremala alimaliza kula, akanawa, akazunguka bustani mikono nyuma, kama mafundi wanavyokagua kazi ya wengine. Alipofika kwenye kibanda cha Bibi alipiga teke ile pembe iliyobonyea, akainama, akaingiza kidole kwenye ubao uliooza. Akamuuliza kaka yake tangu lini. Mzee akasema tangu zamani, ameomba mbao, wanasema tutaona. Direkta akajifanya anakohoa.

Seremala akarudi kwenye jeneza, akatoa nyundo kwenye begi lake, akaanza kutoa kifuniko.

Mimi nilikuwa nimetoa simu tayari. Niliwapiga picha kwa rangi, nakwambia, rangi zote, jasho na yote, mmoja ameshika ubao na mwingine anapima kwa macho, na Bibi nyuma yao amekunja mikono kama msimamizi. Ndiyo iliyoko kwenye ukurasa ule mpaka leo, na mara hii nimeweka maneno juu, picha chini.

Seremala aliniona, akanyoosha nyundo kunielekea. Nikadhani sasa ndiyo natukanwa, na ningestahili.

"Mama, hii kitu yako. Inafika Moba?"

"Inafika, Papa."

"Waambie kwangu basi, wasiningoje," akasema. "Bibi haina fasi ya kulala."